Feriki kloraidi hapa Mwanza: inavyosafisha maji, inavyokula shaba, na mahali pa kupeleka masalia yake

MajiYaNyanza (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, nawasalimu. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikisoma maswali ya mafundi vijana wanaotengeneza bodi za saketi wao wenyewe, na swali linalojirudia ni wapi wamwage ile dawa ya kahawia inayokula shaba ya bodi, yaani feriki kloraidi, ikishachoka. Majibu wanayopewa ni mafupi: mwaga mtaroni, mvua itapeleka. Ni kweli mvua itapeleka, lakini tukumbuke inakopeleka. Mitaro ya Mabatini huingia Mto Mirongo, Mirongo huingia ziwani, na ziwa hilohilo ndilo linalotupa maji ya bomba, dagaa na sangara. Ndiyo maana nimeona niandike kwa urefu kuhusu kemikali hii, ambayo nimeshughulika nayo kwa miaka kumi na miwili, mwanzoni katika mtambo wa majitaka wa kiwanda kimoja cha samaki na baadaye katika kufundisha watunza mitambo.

Feriki kloraidi ni kiwanja cha chuma na klorini, FeCl3. Kazini utaikuta katika sura tatu, na kila sura ina tabia yake. Ya kwanza ni kavu kabisa, chembe nyeusi zenye mng'ao wa kijani, ambazo hunyonya unyevu wa hewani na kutoa moshi mkali wa asidi ya haidrokloriki. Ya pili ni mabonge ya rangi ya manjano na kahawia yaliyobeba maji ndani yake. Haya huyeyuka yakifika nyuzi 37 hivi za Selsiasi, na joto hilo si geni ndani ya ghala la bati mchana wa jua kali. Niliwahi kufungua ghala asubuhi nikakuta mifuko iliyopangwa vizuri imelainika, imeshikana na kuvuja hadi mlangoni. Ya tatu ni kimiminika cha kahawia iliyokolea, kwa kawaida chenye asilimia 40 hivi ya dawa, ambacho lita moja huwa na uzito wa takriban kilo 1.4. Anayebeba dumu la lita 20 akidhani lina uzito wa maji hushtukia anabeba kilo 28, na dumu humponyoka hapo hapo.

Matumizi makubwa kuliko yote ni kusafisha maji. Ukiidondoshea kwenye maji yenye tope, chuma hugeuka kuwa mabonge mepesi ya rangi ya kutu, na mabonge hayo hukusanya udongo, mwani na vijidudu, kisha yote hutuama chini. Wazee wetu walijua kazi ya namna hii kupitia shabu, ile inayozungushwa ndani ya ndoo hadi maji yatulie. Kanuni ni ileile. Kilichobadilika ni madini yanayofanya kazi.

Kwenye majitaka ya samaki faida yake ni kubwa zaidi. Maji yanayotoka kwenye meza za kuchuna minofu yana damu, mafuta na protini iliyoyeyuka, na hayatulii yenyewe hata ukiyaacha usiku kucha. Ukitia feriki kloraidi kwa kipimo sahihi, ukarekebisha asidi kwa chokaa, kisha ukapitisha viputo vidogo vya hewa kutoka chini, mafuta na protini hushikana na kupanda juu kama povu zito linaloweza kukwanguliwa. Kitu cha pili inachofanya ni kuondoa harufu: chuma hukamata haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka mayai viza kwenye mashimo ya majitaka, na kuifanya kuwa mashapo meusi yasiyonuka. Cha tatu, ambacho kwa ziwa letu nakiona cha maana kuliko vyote, ni kukamata fosfeti. Fosfeti ndiyo mbolea ya mwani na ya magugu maji, na kila kilo tunayoizuia isiingie ziwani ni chakula tulichoyanyima magugu hayo. Kwa hesabu, kilo moja ya fosforasi iliyomo kwenye fosfeti huhitaji kilo 1.8 za chuma, yaani kilo 5.2 hivi za feriki kloraidi halisi. Kiwandani hutumika zaidi ya hapo kwa sababu sehemu ya chuma huishia kwenye mabonge ya kutu.

Kuna matumizi mengine nitakayoyapita haraka. Viwanda vinavyotengeneza malighafi ya plastiki ya PVC huitumia kama kichocheo cha kuunganisha ethilini na klorini, wachongaji wa picha huitumia kuchora kwenye mabamba ya shaba, na mitambo ya majitaka huitumia kukamua maji kutoka kwenye tope. Matumizi yanayotuhusu zaidi humu ni ya fundi wa elektroniki, na hapo ndipo dawa inayosafisha maji inapogeuka kuwa mzigo. Nitayarudia nikiulizwa.

Mwalimu wa Kemia, Ilemela

Ahsante kwa uzi huu. Wanafunzi wangu wanaijua kwa matone tu: tone moja kwenye fenoli hutoa rangi ya zambarau, na kwenye thayosayaneti hutoa wekundu kama damu. Sikuwa nimewahi kuwaeleza kwamba ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwa tani katika kutibu maji. Naomba ufafanue jambo moja. Ikiwa shabu inapatikana kwa urahisi na haina kutu, kwa nini mtambo wa maji uchague chuma?

MajiYaNyanza

Mwalimu, swali lako linagusa tabia ya ziwa lenyewe. Alumini iliyomo kwenye shabu huganda vizuri maji yakiwa na pH (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali) ya kati ya 6 na 7 na nusu hivi. Mwani unapochanua, kama tunavyouona kwenye ghuba zetu maji yanapogeuka kijani, hutumia kaboni dayoksaidi iliyomo majini kwa ajili ya usanisinuru, na hivyo pH hupanda, hasa mchana, ikapita 8 na hata 9. Katika hali hiyo sehemu ya alumini huyeyuka tena badala ya kuganda na hupita kwenye vichujio. Chuma hakina udhaifu huo. Hubaki kimeganda katika pH pana zaidi, na mabonge yake ni mazito, kwa hiyo hutuama upesi.

Hata hivyo sitaki kuipamba. Feriki kloraidi ni asidi kali, na kila miligramu moja yake hula takriban miligramu 0.92 za ualkali wa maji, yaani akiba ya maji ya kupooza asidi. Ukidozi miligramu 30 kwa lita, umeondoa karibu miligramu 28 za ualkali, na maji yasiyo na akiba ya kutosha yatashuka pH hadi yaanze kula mabomba, isipokuwa umeongeza chokaa. Ukizidisha kipimo, chuma kitapita na kuchafua nguo za watu kwa madoa ya kahawia; ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hutaja miligramu 0.3 za chuma kwa lita kama kiwango ambacho kikipitwa ladha na rangi huanza kulalamikiwa. Kipimo kamwe hakikisiwi kwa macho. Hupatikana kwa jaribio la mitungi, ambapo maji yaleyale huwekwa kwenye mitungi sita, kila mmoja hupewa kiasi tofauti cha dawa, hukorogwa kwa kasi kisha polepole, na mtungi uliotulia vizuri kwa dawa kidogo ndio unaofuatwa. Jaribio hilo hurudiwa maji yakibadilika, na maji ya ziwa hubadilika baada ya mvua moja kubwa.

Ukerewe Kisiwani

Kaka, sisi huku visiwani tunachota ziwani moja kwa moja. Kama inasafisha vizuri kiasi hicho, je, mtu anaweza kununua kidogo kwa mafundi wa redio akaweka kwenye pipa la maji ya kunywa?

MajiYaNyanza

Hapana, ndugu yangu, na naomba jibu hili liwafikie na majirani. Ile inayouzwa kwa kazi ya saketi haikutengenezwa kwa ajili ya kinywa. Inaweza kuwa na masalia ya metali nyingine kutoka kwenye chuma chakavu au asidi ya kiwandani iliyotumika kuitengeneza, na hakuna aliyeipima kwa maji ya kunywa. Inayoingia kwenye mitambo ya maji hununuliwa kwa daraja maalumu na huja na cheti cha vipimo. Zaidi ya hayo, maji kuwa meupe si sawa na kuwa salama, kwa sababu vijidudu hubaki hata baada ya kutuama. Kwa pipa la nyumbani acha maji yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe au tumia dawa ya klorini iliyoidhinishwa kwa maji ya kunywa kwa kufuata maelekezo ya pakiti.

Redio Kirumba

Mkuu, mimi ni mmoja wa hao unaowasema. Natengeneza bodi za amplifaya na za chaja za sola. Nina dumu la lita tano la dawa iliyochoka, imekuwa kijani. Sijaimwaga, nilikuwa nasubiri mtu aniambie ukweli. Naomba unieleze kinachotokea humo ndani na nifanye nini.

MajiYaNyanza

Umefanya jambo la maana kwa kutoimwaga, na nitakujibu bila kufupisha.

Chuma kilichomo kwenye dawa mpya kina njaa ya elektroni, nacho huzichukua kutoka kwenye shaba nyekundu ya bodi. Shaba huyeyuka, chuma hushuka hali, na rangi ya kahawia hugeuka kijani polepole. Kwa kila gramu moja ya shaba inayoondoka hutumika gramu 5 na kidogo za feriki kloraidi. Bodi ya sentimita 10 kwa 10 yenye tabaka la kawaida la maikromita 35 ina gramu 3 hivi za shaba. Lita moja ya dawa ya asilimia 40 ingeweza, kwa hesabu ya karatasi, kula gramu 110 za shaba, ingawa kazini huanza kuchelewa sana ikifika karibu nusu ya hapo. Maana yake ni kwamba dumu lako la lita tano linaweza kuwa limebeba robo kilo ya shaba iliyoyeyuka.

Shaba hiyo ndiyo ninayoihofia. Kwa binadamu kiasi kidogo ni kirutubisho, lakini kwa samaki wachanga, konokono na viumbe wadogo ambao dagaa huwala, shaba iliyoyeyuka hudhuru kwa kiwango kidogo mno, sehemu ya miligramu moja kwa lita. Kumwaga dumu moja kwenye mtaro unaotoka Kirumba hadi ufukweni ni kuweka sumu mahali samaki wanapozalia, pembeni, kwenye maji mafupi yenye matete.

Kazi ya kuitibu ifanyie nje, penye hewa, ukiwa umevaa glavu za mpira, miwani ya kinga na aproni ya plastiki. Tafuta pipa la plastiki lenye nafasi kubwa, weka maji lita 25, kisha mimina dawa iliyochoka ndani ya maji polepole. Usigeuze ukamimina maji juu ya dawa. Yeyusha magadi kwenye ndoo nyingine na uyaongeze kidogo kidogo ukikoroga kwa mti. Patatoka povu jingi kwa sababu ya gesi ya kaboni dayoksaidi, na ukiharakisha litafurika na kukurukia miguuni. Povu likipungua, acha magadi na umalizie kwa maji ya chokaa, kwa sababu magadi yakizidi hushikilia sehemu ya shaba isitulie. Pima kwa karatasi za pH hadi ufike kati ya 8 na 9. Utaona tope zito la kijani na kahawia likianza kushuka.

Acha litulie hadi kesho. Maji ya juu yakiwa hayana rangi ya kijani wala buluu, yahamishie kwenye mabeseni mapana ya plastiki, yakauke juani mbali na watoto, kuku na mbuzi. Tope lichuje kwa kitambaa kizito, likaushe, ulifunge kwenye chombo cha plastiki chenye maandishi yanayosomeka: tope la shaba na chuma, sumu. Lisiende shambani, lisiende jalalani.

Nakuomba pia ubadili namna unavyotumia dawa yenyewe. Funika kwa wino sehemu kubwa ya shaba ya bodi iendelee kuwa ardhi ya saketi, ili shaba inayoliwa na dawa iwe kidogo. Ukitaka kuipasha moto, weka beseni la plastiki la dawa ndani ya maji ya uvuguvugu ya nyuzi 40 hadi 45, na usiiweke jikoni kamwe. Na usitumie sufuria au kijiko cha alumini, kwani dawa na alumini vikikutana hutoa joto kali na gesi ya haidrojeni, na dawa huchemka usoni pako.

Mtunza Ghala

Sisi kiwandani tuna tangi la lita elfu tano na madumu ya akiba. Msimamizi mpya anataka tubadili koki za plastiki tuweke za stenlesi kwa kuwa za plastiki "hazina nguvu". Naomba ushauri kabla hazijanunuliwa.

MajiYaNyanza

Mzuie, kwa heshima, lakini mzuie leo. Feriki kloraidi hutoboa stenlesi. Watu wa maabara za metali huitumia makusudi kupima jinsi stenlesi inavyovumilia vitobo, kwa dawa ya asilimia 6 tu, na yenu ni ya 40. Nitakueleza niliyoyaona kwa macho yangu. Katika kiwanda nilichofanyia kazi koki ya plastiki ilipasuka mwisho wa wiki, na mimi ndiye niliyekubali ifungwe ya shaba ya njano iliyokuwa karibu, nikisema Jumatatu tutaibadilisha. Jumatatu haikufika. Usiku wa Jumapili uzi wa koki ulikuwa umeliwa, dawa ikatoka yote, ikachimba sakafu ya zege na kula miguu ya chuma ya pampu ya jirani. Mlinzi aliyeingia na viatu vya kitambaa aliungua nyayo. Alipona, lakini wiki zile tatu alizokaa nyumbani sijazisahau, na tangu siku hiyo naweka koki mbili za akiba za plastiki kwenye kabati lenye ufunguo.

Tangi liwe la polietilini nzito, la faibaglasi au la chuma kilichofunikwa mpira kwa ndani. Mabomba na koki ziwe za PVC au plastiki inayolingana nayo. Lizungushiwe ukuta mfupi usiopitisha maji, unaoweza kubeba ujazo wote wa tangi na asilimia 10 zaidi. Usiizimue sana kabla ya kudozi, kwani ikiwa nyepesi mno chuma huanza kuganda ndani ya bomba na kuziba sindano za pampu.

Jambo ambalo ningelikagua leo hii, kabla hata ya koki, ni kilichohifadhiwa jirani yake. Nimeona maghala yanayoweka klorini ya unga rafu moja na feriki kloraidi kwa sababu zote ni "dawa za maji". Zikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo inaweza kuua mtu ndani ya chumba kilichofungwa. Zitenganishe kwa ukuta, na ndoo, vikombe na pampu zao zisichangiwe.

Ikimwagika, zuia kwanza isifike kwenye mfereji kwa kuizungushia mchanga au udongo, kisha nyunyiza chokaa au magadi kutoka pembeni kuelekea katikati, ukisubiri povu litulie kabla ya kuzoa. Kwa mtu, utaratibu ni maji mengi na mapema. Ikimrukia machoni, shika kope zikiwa wazi na umwagie maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatiza, hata akilia, kisha apelekwe hospitali akiwa bado anasafishwa njiani ikiwezekana. Ikimwagikia ngozi, vua nguo iliyolowa huku maji yakiendelea. Usipake magadi wala chokaa mwilini. Hivyo ni vya sakafuni. Aliyeimeza asukutue kinywa na asilazimishwe kutapika, kwa sababu inapopanda huunguza koo mara ya pili. Lebo au dumu lenyewe liende naye hospitali.

Mwalimu wa Kemia, Ilemela

Je, kisheria mtu anayeiuza rejareja kwa mafundi anatakiwa kuwa na kibali?

MajiYaNyanza

Ndiyo, Mwalimu. Kemikali za viwandani na majumbani zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2003, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Anayeingiza, kuhifadhi, kusafirisha au kuuza anatakiwa awe amesajiliwa. Kwenye lori, dawa ya kimiminika hubeba namba ya Umoja wa Mataifa 2582 na ile kavu 1773, zote zikiwa daraja la 8, la vitu vinavyounguza. Muuzaji anayeimimina kwenye chupa za soda na kuziuza bila lebo anavunja sheria, na anaweka mauti kwenye chombo ambacho mtoto amezoea kukinywea. Shuleni kwako, chupa zenu za maabara zisikose majina hata kama ni kwa wiki moja ya mtihani.

Redio Kirumba

Mkuu, nimefanya kama ulivyoelekeza. Povu lilinitisha kwa sababu nilitia magadi mengi mara ya kwanza, nikapunguza. Leo asubuhi maji ya juu hayana rangi kabisa, na tope limejaa theluthi ya pipa. Mafundi wengine wawili hapa mtaani nao wana madumu yao. Tope likishakauka tulipeleke wapi?

MajiYaNyanza

Hongera, na uwapongeze hao wenzako. Unganisheni tope lenu liwe mzigo mmoja, maana mzigo wa kilo kadhaa wenye lebo hupokelewa kwa uzito kuliko vichupa vitatu vilivyoletwa kwa siku tofauti. Kabla ya kubeba chochote, nendeni na maelezo ya maandishi, yaani kilichomo, kimetokana na nini na kina uzito gani, kwenye ofisi ya kanda ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, muombe kuelekezwa kwa mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali. Hadi mtakapopata jibu, chombo kikae juu ya godoro la mbao, mahali pakavu, kifuniko kikiwa kimefungwa. Kabla hujakausha yale maji ya juu, yapime pH mara nyingine jioni, kwa sababu mara nyingi hushuka kidogo baada ya siku moja. Yakiwa chini ya 8, ongeza chokaa kijiko kimoja kimoja na uyaache yatulie tena.